Mbwa kuwekwa nusukaputi tena na tena kwa kazi ya meno: hatari iko wapi hasa?

#1 MtunzaSpitz

Hamjambo nyote. Naomba mchango wa madaktari wa mifugo na wauguzi wa wanyama waliomo humu, na yeyote anayeifahamu kazi hii kwa undani.

Tuko Nairobi. Mbwa ni Japanese Spitz, jike, miaka 9, kilo 8. Amewekwa nusukaputi mara mbili katika miezi 20: mara ya kwanza kukwanguliwa ukoga, mara ya pili kung'olewa magego mawili. Sasa gego kubwa la juu upande wa kushoto limepasuka na fizi za mbele zimeshuka hadi mizizi inaonekana. Daktari anataka kumlaza tena, na anakadiria kazi itachukua saa mbili na nusu.

Wapo wanaosema nusukaputi hurundikana mwilini na kila dozi humpunguzia mbwa umri. Wengine wanasema lazima miezi sita ipite. Maswali ni matatu: kuna idadi ambayo mbwa hapaswi kuipita? Muda gani upite kati ya mara moja na nyingine? Na kliniki iulizwe nini kabla ya kutia sahihi?

---

#2 UfiziSalama

Karibu, MtunzaSpitz. Swali la kwanza nalijibu moja kwa moja: hakuna idadi. Hakuna kitabu cha tiba ya wanyama kinachosema mbwa ana haki ya kuwekwa nusukaputi mara tano halafu basi.

Tazama dawa zenyewe. Isofloreni, ile ya kuvuta kwa pumzi, karibu yote hutoka jinsi ilivyoingia, kwa mapafu. Sehemu inayopitia ini haifiki hata asilimia 1. Halotheni ya zamani ilikuwa karibu asilimia 20, na huko ndiko zilikotoka hofu nyingi za ini ambazo bado tunazisikia leo. Propofoli, sindano ya kumlaza, huvunjwa upesi, mbwa huamka baada ya dakika chache akipewa dozi moja. Asepromazini, dawa ya kutuliza, ndiyo huchelewa, mbwa anaweza kuwa mzito mchana kutwa, lakini siku ya pili au ya tatu nayo imeshatoka. Kwa hiyo dawa aliyopewa mwaka jana haipo tena mwilini.

Neno "hurundikana" lina ukweli mahali pamoja tu, nalo ni ndani ya kikao kimoja. Thiopentoni, nayo sindano ya kulaza, hujificha kwenye mafuta ya mwili, na ukiongeza dozi ya pili na ya tatu mezani, mbwa anaweza kulala hadi usiku. Mchanganyiko wa sindano za ketamini na zailazini ukiongezwaongezwa nao hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana kazi ya meno ya saa mbili haifai kufanywa kwa sindano za kuongeza.

Sasa hatari yenyewe. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliokusanya taarifa kati ya 2002 na 2004 na kuchapishwa 2008 ulionyesha kwamba karibu mbwa 1 katika kila 600 alikufa ndani ya saa 48 za kupewa nusukaputi au dawa ya kutuliza. Ukiwatenga, wazima walikuwa 1 kwa 1,850 hivi, wagonjwa 1 kwa 75. Hesabu hiyo inatenganisha mbwa kwa hali aliyokuwa nayo siku ile. Na karibu nusu ya vifo vilitokea baada ya kazi kwisha, vingi vyao katika saa tatu za kwanza, wakati mtu ameshafunga mashine na kwenda kunawa mikono.

Kwa hiyo ukiniuliza hatari iko wapi, nitakuambia iko kwenye mambo matatu: mbwa yukoje leo, atakaa chini ya dawa dakika ngapi, na nani anamwangalia muda wote huo. Iwe ni mara ya tatu au ya nane, haibadilishi kitu.

---

#3 Kabete_Juu

Nakubaliana na UfiziSalama, ila niongeze kuhusu muda wa kusubiri. Kinachohitaji muda ni mwili kupona: ufizi ulioshonwa huziba kwa siku 10 hadi 14, damu iliyopotea irudi, mbwa ale vizuri, figo zionekane sawa kwenye kipimo. Dawa hazimo kwenye hesabu hiyo. Ndiyo sababu kazi ikiwa kubwa mno hugawanywa, kushoto leo, kulia baada ya wiki tatu au nne, na hakuna ubaya. Vikao viwili vya saa moja na robo ni salama kuliko kimoja cha saa nne ambapo mbwa amepoa na presha imeshuka.

Ile miezi sita haina msingi. Tena hugeuka kuwa hatari kwa gego lililopasuka. Uchafu hupita kwenye ufa hadi kwenye kiini cha jino, usaha hujikusanya kwenye mzizi, na siku moja uvimbe unatokea chini ya jicho. Hilo gego la juu, la nne katika yale ya mbele, lina mizizi mitatu na limekaa karibu sana na tundu la jicho. Kulingoja ni kuongeza dakika za kikao kijacho.

---

#4 Njia_ya_Ngong

Samahani, swali la pembeni. Kuna saluni za mbwa siku hizi zinazosafisha meno bila nusukaputi. Kwa mbwa aliyekwisha kuwekwa mara mbili, si hiyo ingekuwa nafuu?

---

#5 UfiziSalama

Hapana, na hapa naomba nieleweke vizuri kwa sababu watu wanalipa pesa zao wakiamini wamemkinga mnyama.

Ugonjwa wa meno ya mbwa unakaa chini ya ufizi. Daktari hupitisha kijiti chenye alama za milimita kuzunguka kila jino, na mbwa mkubwa ana meno 42. Kina cha kawaida hakizidi milimita 3. Kikiwa 5 au 6, mfupa unaliwa. Kazi hiyo inauma, na hakuna mbwa aliye macho atakayeivumilia kwenye magego ya nyuma upande wa ndani. Eksirei nayo haipigwi mbwa akitikisa kichwa. Kinachofanyika saluni ni kukwangua ukoga unaoonekana. Jino linang'aa, ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Zaidi ya hapo chuma huacha mikwaruzo kwenye jino, na pasipo kung'arishwa kwa pasta, ukoga mpya hushika kwa urahisi zaidi. Chuo cha madaktari wa meno ya wanyama cha Marekani kinaipinga huduma hiyo waziwazi.

---

#6 MtungiWaOksijeni

Kuna jambo la Nairobi ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji, nalo ni mwinuko. Tuko mita 1,700 na kitu juu ya bahari. Presha ya hewa hapa ni karibu 620 mmHg (milimita za zebaki), pwani ni 760. Ukipiga hesabu, oksijeni inayoingia mapafuni kwa hewa ya kawaida ina msukumo wa 120 mmHg hapa, 150 Mombasa. Mbwa mzima aliye macho hasikii tofauti. Mbwa aliyechomwa ketamini na zailazini, anapumua polepole, hana mrija wa pumzi kooni, hana mtungi wa oksijeni, huyo akiba yake ni ndogo na hushuka haraka. Limuru, ambako ni juu zaidi, ni hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo:

Apewe oksijeni kwa barakoa dakika 3 hadi 5 kabla ya propofoli. Propofoli ikisukumwa haraka, mbwa husimamisha pumzi. Ile akiba ya dakika tano ndiyo inayokupa nafasi ya kupitisha mrija bila papara. Mbwa akiukataa mpira wa barakoa, shika mdomo wa bomba sentimita 2 kutoka puani, bado inasaidia.

Propofoli itolewe kwa robo robo. Mbwa wa kilo 8 aliyekwisha tulizwa huhitaji miligramu 2 hadi 4 kwa kilo, yaani hadi mililita 3.2 za ile ya miligramu 10 kwa mililita. Toa robo, ngoja nusu dakika, angalia taya kama limelegea, endelea. Wengi hawafikii hata mwisho wa sirinji. Kichupa cha aina isiyo na kihifadhi kikishafunguliwa kitupwe ndani ya saa 6. Ni mafuta ya soya na yai, vijidudu hustawi humo. Homa na usaha baada ya kazi ya meno wakati mwingine havikutoka mdomoni, vilitoka kwenye kichupa cha juzi.

Baada ya kazi, oksijeni 100% iendelee dakika 5 mvuke wa dawa ukiwa umezimwa, halafu oksijeni ya barakoa iwe karibu hadi ameinua kichwa.

Kivukizi chenyewe, kifaa kinachotoa mvuke wa isofloreni, hakihitaji kubadilishwa namba kwa ajili ya mwinuko. Kile cha kawaida hujisawazisha, kwa sababu kinachomlaza mbwa ni msukumo wa mvuke. Naona watu wakipandisha hadi 3 wakisema "hapa ni juu". Sio sahihi. Asilimia 1.5 hadi 2 inatosha, na ganzi ikipigwa vizuri hata 1 inatosha.

Na stima. Mashine ya kutengeneza oksijeni ya umeme ikizimika, mvuke nao unakatika katikati ya kung'oa. Kliniki iwe na mtungi uliojaa pembeni, regyuleta imeshafungwa, na mfuko wa kupuliza kwa mkono. Uliza ujue mtungi uko wapi, usiulize kama upo tu.

---

#7 Kabete_Juu

MtungiWaOksijeni amegusa mashine, niongeze moja inayoua kimyakimya: vali ya kutolea hewa kufungwa ili kupima kama mrija unavuja, kisha ikasahaulika. Mfuko unajaa, kifua kinajaa, damu hairudi moyoni, dakika mbili mbwa amekwenda. Kanuni ya chumba cha upasuaji ni kwamba mkono ulioifunga vali hauiachi mpaka uifungue. Na chokaa ya kunyonya kaboni dayoksaidi isiaminiwe kwa rangi ya asubuhi. Ikipumzika usiku rangi hurudi ilhali imechoka. Iandikwe saa ilizotumika.

Mbwa wa kilo 8 yuko mpakani. Chini ya kilo 7 hivi hutumiwa mfumo wa mirija usio na chokaa, gesi mililita 200 kwa kilo kila dakika. Gesi hiyo ni kavu na baridi, kwa hiyo mbwa mdogo hupoa maradufu, na ndipo nafika kwenye baridi.

Kazi ya meno ni kazi ya maji. Mashine ya kukwangua hunyunyiza bila kukoma, kichwa na kifua vinalowa, meza ni chuma, na Julai ya Nairobi mnaijua. Joto la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Baada ya saa moja bila kinga utakuta 35.5. Mbwa aliyepoa hivyo huhitaji mvuke mdogo, lakini aliyeshika kivukizi akiendelea na namba ileile, kwa kweli anamzidishia dozi. Moyo unapungua, damu haigandi vizuri, kuamka kunachukua saa nzima badala ya dakika kumi. Wengi wanaosema "nusukaputi ilimzidi" walishuhudia baridi.

Kinga: taulo kavu chini, plastiki juu ya kifua, soksi miguuni, kichwa kielekezwe chini kidogo ili maji yatoke, vipimo kila dakika 10, shabaha asishuke chini ya 37. Chupa za maji ya moto na pedi za umeme za watu huunguza ngozi, maana mbwa hawezi kujisogeza. Kama ni chupa, maji yawe vuguvugu na zifungwe taulo.

---

#8 MtunzaSpitz

Asanteni sana. Vipimo vya damu je? Vya mwaka jana vilikuwa sawa.

---

#9 Kabete_Juu

Vya mwaka jana ni vya mbwa wa mwaka jana. Kwa miaka 9 vipimwe upya, ndani ya wiki mbili hadi nne za siku ya kazi: PCV (kiasi cha chembe nyekundu katika damu), protini, sukari, kreatinini na urea kwa figo, ALT na ALP kwa ini. Mkojo pia, kwa sababu kreatinini hupanda figo zikiwa zimeshapoteza kiasi kikubwa, ilhali mkojo mwepesi husema mapema.

Halafu jambo la kwetu: kupe. Mbwa wa Nairobi anaweza kuonekana mzima huku ana erlikia, ugonjwa wa kupe, iliyokaa miezi, na erlikia hushusha chembe sahani zinazogandisha damu. Babesia, nayo ya kupe, hula chembe nyekundu. Ng'oa magego manne kwa mbwa mwenye chembe sahani 40,000 na damu itatoka usiku kucha. Kwa hiyo hesabu ya chembe sahani, na tone la damu kwenye kioo liangaliwe kwa darubini na mtu, kwa sababu mashine huhesabu vibaya chembe zikishikana. Zikionekana chini ya 50,000, kazi iahirishwe, atibiwe kwanza. Kipimo cha haraka ni kukata kidogo ndani ya mdomo wa juu na kuhesabu; damu isimame kabla ya dakika 4 hivi.

Akiwa ametibiwa kupe miezi michache iliyopita, mwambie daktari hata kama hakuuliza.

---

#10 Mama_Chonge

Naomba kuuliza kwa faida ya wengine. Mbwa mdogo mwenye mnong'ono moyoni, yaani sauti isiyo ya kawaida kwenye mapigo, anakunywa dawa za moyo pimobendani na enalaprili, anaweza kuwekwa nusukaputi ya meno? Wengi huambiwa hapana na basi.

---

#11 UfiziSalama

Mama, mara nyingi anaweza. Mnong'ono peke yake haukatazi. Kinachoangaliwa ni kama moyo umepanuka na kama kuna maji mapafuni. Picha ya kifua na ya moyo kwa mawimbi ya sauti hutoa jibu. Mwenye maji mapafuni hapewi nusukaputi mpaka atulie kwa dawa.

Pimobendani apewe asubuhi ileile kwa maji kidogo. Enalaprili dozi ya asubuhi hiyo iachwe, kwani ikikutana na isofloreni presha huporomoka na huwa ngumu kuinua. Dripu ipunguzwe, mililita 2 hadi 3 kwa kilo kwa saa. Zailazini isikaribie, inapandisha ugumu wa mishipa na kupunguza kasi ya moyo kwa pamoja. Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi na akabidhiwe daktari mkononi.

---

#12 KaziYaGanzi

Nimesoma yote, na linalonisikitisha ni kwamba ganzi imetajwa kwa sentensi moja. Kwa kazi ya meno, ganzi ndiyo inayoamua nusukaputi itakuwa nyepesi au nzito.

Mbwa asiyepigwa ganzi huhisi mzizi ukivutwa, moyo unaruka, daktari anapandisha kivukizi, presha inashuka, figo zinakosa damu. Yule aliyepigwa ganzi hatikisiki kwenye asilimia 1 hadi 1.2. Kwa mbwa anayerudi mara ya tatu, tofauti iko hapo.

Sehemu tatu zinatosha kwa kazi nyingi. Tundu lililo chini ya jicho, linalopapaswa kwa kidole juu ya gego la tatu la mbele, hulaza meno ya juu ya upande huo kuanzia hapo kwenda mbele. Kwa gego kubwa la nne sindano huingizwa kidogo ndani ya mfereji ule, halafu kidole hukandamiza nje kwa dakika moja ili dawa irudi nyuma. Kwa mbwa wa pua fupi, Pug na Shih Tzu, mfereji ni mfupi na jicho liko palepale. Usiingize ndani. Taya la chini hulazwa upande mzima kwa sindano ya ndani ya pembe ya taya, nyuma ya gego la mwisho. Ikimwagwa mbele mno au kwa wingi, ulimi unakufa ganzi na mbwa huutafuna akiamka. Ya tatu ni tundu la mbele la taya la chini, kwa meno ya mbele.

Bupivakeini, dawa ya ganzi, ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa mililita. Mwisho ni miligramu 2 kwa kilo kwa mwili mzima. Kilo 8 ni miligramu 16, yaani mililita 3.2 kwa sehemu zote zikijumlishwa, lakini mililita 0.3 hadi 0.5 kila sehemu zinatosha mbwa wa ukubwa huo. Vuta nyuma kabla ya kusukuma: ikiingia kwenye mshipa hugonga moyo na haina dawa rahisi ya kuirudisha. Ukichanganya na lignokeini, ganzi nyingine, sumu zao zinajumlishwa, usihesabu kila moja peke yake. Ngoja dakika 10, kisha anza. Hudumu saa 4 hadi 6, kwa hiyo mbwa anaamka bila maumivu na hapigi kelele.

---

#13 Njia_ya_Ngong

Kwa mbwa wa kilo 8, dripu iende mililita 10 kwa kilo kwa saa, sivyo? Ndivyo inavyofundishwa.

---

#14 KaziYaGanzi

Ndivyo ilivyofundishwa zamani, ndugu. Mwongozo wa Marekani wa 2013 ulishusha hadi mililita 5 kwa kilo kwa saa kwa mbwa, na sababu ni nzuri: maji mengi hayainui presha iliyoshushwa na mvuke. Yanaingia kwenye nyama na mapafu, damu inakuwa nyepesi. Kilo 8 ni mililita 40 kwa saa. Kwa seti ya matone 60 kwa mililita, hayo ni matone 40 kwa dakika. Kwa seti ya kawaida ya matone 20, ni 13 tu, na hapo ndipo watu hukosea, wanaacha itiririke.

Presha ikishuka, yaani ile ya wastani chini ya 60 au ya juu chini ya 90, fuata mpango huu. Kwanza punguza mvuke kwa nusu asilimia. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayotibu mara nyingi. Pili, hesabu mapigo. Kwa mbwa huyu, chini ya 60 na presha iko chini, atropini, ya kuongeza mapigo, miligramu 0.02 kwa kilo, ila kama alipewa dawa za kutuliza medetomidini au zailazini usikimbilie atropini, fikiria kwanza dawa ya kuiondoa. Tatu, mililita 5 kwa kilo kwa dakika 15, hapa ni mililita 40. Nne, dawa za kuinua presha, dopamini au efedrini. Na kabla ya kuamini namba, angalia mkanda: upana wake uwe asilimia 40 ya mzingo wa mguu. Mkanda mwembamba hutoa presha nzuri ya uongo.

---

#15 Kabete_Juu

Nakubali. Na ndiyo maana meloksikamu, dawa ya maumivu, isitolewe mapema. Figo zikiwa zimekosa damu kwa presha ya 50 halafu ukaongeza dawa hiyo, umezipiga mara mbili. Itolewe presha ikiwa imesimama au mbwa ameamka, miligramu 0.2 kwa kilo siku ya kwanza, 0.1 zinazofuata, pamoja na chakula. Wenye mbwa nao: Brufen na Panadol za nyumbani hapana kabisa.

---

#16 Mama_Chonge

Kuna anayesema ubongo huathirika ukirudiarudia. Kuna ukweli?

---

#17 UfiziSalama

Hofu hiyo ina mzizi wake. Desemba 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu watoto wa binadamu walio chini ya miaka 3 wanaowekwa nusukaputi mara kwa mara au kwa zaidi ya saa 3, kwa sababu ubongo wao bado unajijenga. Onyo lilihusu umri huo. Mbwa wa miaka 9 anayeonekana kupotea njia wiki moja baada ya kazi achunguzwe presha, figo na maumivu, na umri wenyewe, kabla ya kuilaumu dawa. Anayezubaa usiku wa kwanza ni kawaida.

---

#18 Kabete_Juu

Narudi kwa swali la tatu la MtunzaSpitz, kliniki iulizwe nini. Mimi ningeanza na karatasi. Kila nusukaputi huandikwa chati: dawa na dozi, mapigo, pumzi, oksijeni, presha na joto kila dakika 5, saa ya kuamka. Omba nakala za mara mbili zilizopita, nenda nazo. Presha ya chini kabisa ilikuwa ngapi, na saa ngapi? Joto la mwisho? Alichukua dakika ngapi kumeza na kutolewa mrija? Mbwa aliyeamka kwa dakika 50 akiwa nyuzi 35 anahitaji joto zaidi mara hii. Aliyeshuka presha dakika 10 baada ya asepromazini asipewe hiyo tena, au apewe kidogo. Kama chati haipo, hilo nalo ni jibu.

Kisha uliza: kuna mtu ambaye kazi yake ni kuangalia mbwa tu, asiyeshika koleo? Mrija wenye puto utapitishwa, maji yasiingie mapafuni? Oksijeni ya damu, presha na kaboni dayoksaidi ya pumzi vitapimwa? Oksijeni isishuke chini ya 95, kaboni iwe 35 hadi 45 mmHg. Eksirei ya meno itapigwa kabla na baada? Kung'oa bila eksirei ya mwisho huacha vipande vya mizizi, na vipande hivyo ndivyo vinavyoleta nusukaputi ya nne. Taya la chini la mbwa mdogo likiwa limeliwa, chonge likivutwa kwa nguvu linaweza kuvunja taya, picha huonya. Na nani atakaa naye saa tatu za kwanza?

Daktari awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama inavyotaka sheria ya 2011. Kazi ikizidi uwezo wa kliniki, ombeni rufaa. Hospitali ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete.

---

#19 MtungiWaOksijeni

Na kufunga. Usiku kucha bila chakula inatosha kwa Spitz, saa 6 hadi 8, lakini maji yabaki mpaka asubuhi anapoondoka. Mbwa aliyekauka huanza na presha mbovu. Mdogo wa chini ya kilo 2 asifunge zaidi ya saa chache, sukari hushuka. Mwenye kisukari apewe nusu ya insulini na chakula kidogo, na awe wa kwanza kwenye orodha.

---

#20 MtunzaSpitz

Majibu yamerudi: PCV 41, chembe sahani 212,000, kreatinini kawaida, mkojo mzito, hana mnong'ono. Chati ya mara ya pili: presha ya wastani 54 kwa dakika 25, joto la mwisho 35.8, aliamka dakika 45. Ganzi haikuandikwa. Agawanywe au amalizwe siku moja?

---

#21 KaziYaGanzi

Damu yake ni nzuri. Chati ndiyo inayosema. Presha 54 kwa dakika 25, hakuna ganzi, nyuzi 35.8: hayo matatu ni jambo moja. Alikuwa amelala kwa kina kupita haja.

Mimi ningepanga hivi. Siku ya kwanza: eksirei ya mdomo mzima, ganzi ya juu kushoto, gego lililopasuka ling'olewe kwa kulikata vipande vitatu, mzizi mmoja mmoja, kisha ukoga wote ukwanguliwe, kila jino sekunde 10 hadi 15 tu kwa mashine lisichemke. Dakika 75 hadi 90. Zile za mbele zilizoshuka fizi, kama muda haujapita dakika 90 na joto liko juu ya 37, zimaliziwe hapohapo. Ni za mzizi mmoja, haraka. La sivyo wiki ya nne. Mwambie daktari kikomo hicho kiandikwe kabla ya kuanza, ili uamuzi usifanywe mtu akiwa amechoka.

---

#22 UfiziSalama

Naunga mkono. Baada ya hapo chakula laini siku 10 hadi 14, asitafune mfupa wa buchari kamwe. Mfupa mgumu ndio hupasua gego hilo la nne. Jaribu kwa ukucha: kisichobonyea, kisiingie mdomoni. Mswaki uanze ufizi ukishaziba, kila siku, kwa dawa ya meno ya mbwa. Ya watu ina floraidi, nyingine zailitoli ambayo ni sumu kwao. Ukoga laini hugeuka jiwe kwa siku mbili tatu, kwa hiyo mswaki wa Jumapili kwa Jumapili hausaidii.

Usiku ule, ufizi ukiwa mweupe au wa buluu, pumzi ikimpa shida, akitapika mara kwa mara, au asubuhi hajaweza kusimama, arudishwe bila kungoja.

---

#23 MtungiWaOksijeni

Nakumbusha kitu kidogo. Shashi huwekwa kooni kuzuia maji na vipande vya ukoga. Zihesabiwe zinapoingia, ziandikwe ubaoni, na zihesabiwe zinapotoka kabla mrija haujatolewa. Moja ifungwe uzi mrefu unaoning'inia nje ya mdomo. Na akigeuzwa upande mwingine, mrija uchomolewe kwanza kwenye mashine, ageuzwe, urudishwe. Ukipindika ndani unaweza kuchana koromeo.

---

#24 MtunzaSpitz

Nimeandika yote. Kazi ni Jumatano saa tatu asubuhi, na kikomo cha dakika 90 daktari amekiandika kwenye fomu.